Kilo Tatu za Kituo cha Mfano

Kwa Mama Mizani, gramu mia mbili zilikuwa jambo la kugombania. Alikuwa mpimaji katika kituo cha afya kilicho nyuma ya soko, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na jina hilo alipewa kwa utani, likamganda mpaka mkuu wa kituo mwenyewe akalisahau lile la kwenye kitambulisho. Ukifika kwake ulivua viatu, mkanda, saa, ukatoa simu na funguo, ukajifunika gauni la kituo lisilo na mifuko, ndipo ukapanda. Akasoma. Ukashuka. Ukapanda tena, akasoma tena, na namba mbili zikitofautiana ulipanda mara ya tatu, hata ungekuwa mkwewe. Mama mmoja aliwahi kumwomba ampunguzie nusu kilo tu kwenye daftari, kwa sababu mumewe angeliona. Alijibiwa kwamba nusu kilo ikitaka kupungua ipande ngazi, na ngazi za kituo ni ishirini na mbili, aanze leo.

Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, benchi la mbao, pazia, na bango kubwa la Mpango wa Taifa wa Kuzuia Unene. Kwenye bango kulikuwa na familia ya watu wanne wakitembea juani huku wakicheka meno yote nje. Mama Mizani hakulipenda bango lile. Alisema hakuna mtu anayetembea saa sita mchana akacheka vile, labda awe amelipwa. Lakini mpango wenyewe aliupenda, tena kwa moyo wote. Mama yake mzazi alikufa kwa kisukari akiwa na miaka hamsini na minne, amekatwa mguu mmoja, na tangu hapo kila mtu mnene aliyepita barabarani alimuuma moyoni kama ndugu.

Mpango ulikuwa hivi: watu mia na ishirini wa mtaa ule, wake kwa waume, waliandikishwa. Jumamosi asubuhi walitembea pamoja. Mara moja kwa mwezi walifundishwa habari za sukari, mafuta na soda. Kila baada ya miezi sita walipimwa, na namba zao zikapelekwa makao makuu, ambako kulikuwa na watu kazi yao ni kuziangalia tu na kusema mpango unafaa au haufai. Mafundisho na matembezi yalikuwa mikononi mwa mhamasishaji, na mhamasishaji alikuwa mdogo wake Mama Mizani, tumbo moja, aliyejulikana kwa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika.

Chiriku alikuwa na miaka tisa mama yao alipofariki. Dada mtu ndiye aliyemsuka, akamfulia, akamsomesha, akamtetea kwa mwalimu, akamwoza, na mwanamume yule alipotokomea akiacha watoto wawili, akampokea tena. Kazi ya uhamasishaji pia alimtafutia yeye. Alimwendea mkuu wa kituo akamwambia, "Mdogo wangu anaweza kuongea na ukuta mpaka ukuta ukamjibu." Mkuu akacheka, Chiriku akapata mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vibaya. Watu walitembea, walisikiliza, walipiga makofi, na walipopimwa wakawa wameongezeka karibu kilo moja kila mtu kwa wastani. Ikaja barua kutoka makao makuu ikisema kwamba vituo visivyoonyesha badiliko vitafikiriwa upya. Kwa lugha ya ofisini maana yake ni moja, unga utamwagika. Mama Mizani aliisoma barua ile jikoni kwake, akalia mbele ya mdogo wake, hakuona aibu.

Mwaka wa pili mambo yakageuka. Wastani ukashuka kwa kilo tatu kasoro kidogo, na kila walipopimwa baada ya hapo ukabaki huko huko chini. Mama Mizani hakuamini macho yake. Alipima mara tatu tatu, akaomba mizani ikaguliwe, ikakaguliwa, ikawa sawa. Basi akaamini, na akishaamini kitu hakuna wa kumzuia kufurahi. Kituo kikapewa jina la kituo cha mfano. Picha yake ikatoka kwenye kijitabu cha mpango, amesimama kando ya mizani amekunja uso kama hakimu. Vituo vingine arobaini vikaambiwa viige wanavyofanya wao.

Siku za kupima zikawa sikukuu ndogo. Watu walikuja mapema, midomo imekauka, wamenyamaza, wakipimwa wanamshika mkono na kumwambia, "Asante mama, tunajua unavyotupigania." Kisha wote walikimbilia kwa muuza chai aliyekuwa getini, wakagombania mikate kama wametoka kifungoni. Mama Mizani aliwaona kupitia dirishani, akacheka. "Tazama," alimwambia mhudumu wa mapokezi, "kilo nilizowatoa wanazifuata getini."

Fundi viatu ndiye aliyekuwa fahari yake. Alikuwa bonge la mtu, mcheshi, kibanda chake kiko mkabala na kituo, na kwenye daftari alikuwa ametoka kilo mia na tano hadi kilo mia moja na gramu mia tano. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa fundi viatu.

Mwaka wa nne akaja mtathmini. Hakuja siku ya kupima. Alikuja Jumanne ya kawaida, wiki tatu baada ya siku ya kupima, bila barua wala simu, na mizani yake mwenyewe ndani ya begi. Alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililonyooka na sauti ya chini. Akasema, "Shikamoo mama. Nimetumwa kuangalia kama mpango huu unafanya kazi nchi nzima. Kituo chenu ndicho kinachong'aa kuliko vyote, kwa hiyo ndicho ninachotaka kukielewa zaidi."

"Marahaba, mwanangu. Angalia mpaka uchoke," akajibu Mama Mizani. Alifurahi kweli. Alikuwa amengoja miaka minne apatikane mtu wa kukagua kazi yake kwa macho makali kama yake.

Chiriku siku hiyo alikuwa amempeleka mwanawe kliniki ya macho. Mtathmini akaomba watu waitwe, yeyote aliye karibu, na wakaitwa kutoka sokoni, vibandani na majumbani. Wengine walikuja mikono ina unga. Mama Mizani aliwavua viatu, akawapa gauni, akasoma mara mbili. Mtu wa kwanza alikuwa amezidi namba yake ya daftarini kwa kilo mbili na nusu. Wa pili kilo tatu. Wa tano kilo tatu na gramu mia nne. Alipofika wa kumi alisimamisha kazi, akapanda mwenyewe juu ya mizani ya mgeni, kisha akapanda ya kwake. Zote zilisoma namba ile ile.

Fundi viatu akaingia nyuma ya pazia. Kilo mia na nne na gramu mia mbili.

"Fundi!" Mama Mizani alimkoromea kwa sauti ya chini. "Wiki tatu tu! Umekula nini, ng'ombe mzima na pembe zake?"

Fundi akainama sikioni kwake, anatabasamu lakini jasho linamtoka. "Mama, na nyinyi mngetuambia mapema kama huyu bwana anakuja. Tungekaa bila kula, kama siku zote."

"Kama siku zote nini?"

"Si zile siku mbili kabla ya kupima? Hatuli, hatunywi maji mpaka tupimwe. Wengine wanameza na dawa ya kuharisha, mimi tumbo langu haliiwezi." Alipoona uso wa yule mama, tabasamu likamtoka. "Kwani si wewe unayetutuma? Chiriku kila mara anapita nyumba kwa nyumba. Anasema, mama amesema mje tumbo tupu, msimwaibishe."

Mama Mizani alishika daftari kwa mikono miwili. Kitu cha kwanza kilichompita akilini hakikuwa mdogo wake wala kazi yake. Ilikuwa ni zile asante. Miaka mitatu watu mia na ishirini walikuwa wakimshika mkono na kumshukuru kwa udanganyifu aliokuwa haujui, wakidhani ule ukali wake wa mara mbili mara tatu ni mchezo wa kuigiza mbele ya wakubwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona vile alivyokuwa.

"Vaa viatu vyako, fundi," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Alasiri alimkuta Chiriku kwenye chumba chake cha kupanga, anamtia mwanawe dawa ya matone. Mama Mizani alingoja mtoto atoke kwenda kucheza. Hakukaa.

"Wewe uliwaambia watu mimi nimewatuma wasile?"

Chiriku, ambaye hajawahi kukosa neno tangu alipoota meno, alikunja kitambaa cha kufutia macho, akakikunjua, akakikunja tena. "Nani kasema?"

"Nimekuuliza wewe."

"Dada, ulilia," akasema hatimaye. "Ile barua ilipokuja ulilia, sijawahi kukuona vile tangu mama azikwe. Na mimi mkataba wangu ulikuwa unakwisha. Nikasema mara moja tu, tupite hapo. Wakashuka. Ukafurahi! Ukaimba siku nzima. Mara ya pili ningefanyaje? Ningewaambia waje wameshiba, wapande kilo tatu siku moja?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe?" Chiriku akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Wewe ungemshtaki hata marehemu mama akizidi gramu."

"Na jina langu? Kwa nini ulitumia jina langu?"

"Kwa sababu mimi wasingenisikiliza." Hapo machozi yakamtoka. "Wanakupenda wewe. Mimi ni mdomo tu."

Mama Mizani alimtazama akaona yule mtoto wa miaka tisa, mwenye kamasi na nguo ya shule isiyo na vifungo, na hasira yake ikalegea bila ridhaa yake. Akamweleza kwamba mtathmini atawaita wote wawili kesho saa tatu. Akamwambia kwamba vituo arobaini vinafuata njia ambayo haipo, na kwamba kuna mtu huko, mahali wasipopajua, atakayeanguka kwa kiu akifuata mfano wao. "Yule mzee mlinzi aliyezimia kwenye foleni mwaka jana, tukasema ni joto. Ilikuwa hiyo?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Kesho nitasema mimi mwenyewe," akasema. "Nitasema yote. Usiseme wewe, dada, tafadhali, niache nijisemee. Naomba hilo tu."

Dada mtu akampa neno kwamba atamwachia, wakashikana mikono. Mama Mizani akaenda nyumbani, na usingizi akaupata; hilo ndilo alilokuja kujilaumu kwalo sana baadaye, kwamba alilala usingizi mzuri.

Asubuhi walikaa ofisini kwa mkuu wa kituo, viti vinne, meza yenye kioo. Mkuu wa kituo alikuwa akijifuta shingo kwa leso kabla hata jua halijapanda. Na yeye jina la kituo cha mfano lilikuwa limemfikisha mbali, alitajwa kupandishwa cheo. Mtathmini alikuwa tayari amezungumza na watu ishirini, fundi viatu akiwa wa kwanza. Akafungua daftari lake taratibu.

"Watu wanasema walikuwa wakifunga kula siku mbili kabla ya kupimwa. Wote wanasema ujumbe uliletwa na mhamasishaji, na kwamba ulitoka kwa mpimaji. Mama, hukuona dalili yoyote?"

Mama Mizani angeweza kusema hapana. Hakuna aliyejua zaidi yake na mhudumu wa mapokezi. Lakini alikuwa yeye, na kuulizwa alichokiona kwake kulikuwa sawa na kuulizwa mizani imesoma ngapi. "Niliona," akasema. "Niliona midomo imekauka. Niliona wanavyokimbilia mikate. Nikacheka. Nilitaka zile namba ziwe kweli, sikuuliza."

Mtathmini akaandika. Kisha akamgeukia Chiriku. "Dada, nakuuliza moja kwa moja. Hayo maneno ulijitungia, au ulitumwa?"

Mama Mizani akamtazama mdogo wake kumtia moyo. Akamtikisia na kichwa kidogo, vile alivyokuwa akimtikisia zamani mlangoni mwa darasa siku ya mtihani.

Chiriku alimtazama mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo alitazama leso yake.

"Nilitumwa na dada," akasema Chiriku. "Mimi ni mdogo wake. Ningemkataliaje?"

Nje mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa, thelathini na sita, thelathini na saba. Mama Mizani hakupiga kelele, hakulia. Alitaka kusema kwamba jana, chumbani, dawa ya matone ikiwa mezani, huyu alisema vingine. Akaona jinsi itakavyosikika, neno lake dhidi ya neno la mtu ambaye mtaa mzima ulikuwa tayari umemtolea ushahidi bila kujua.

"Sikumtuma," akasema. Alilisema mara mbili, kwa sauti ile ile.

Mtathmini alimwamini, pengine. Alipokuwa akikusanya karatasi alimwambia kwa upole kwamba yeye hakuja kutafuta mwizi, alikuja kupima mpango, na mpango ameshaupima: miaka minne, watu mia na ishirini, na hakuna aliyepungua hata kilo moja. Matembezi ya Jumamosi peke yake hayawezi kumshinda mtu anayekaa kibandani saa kumi na mbili kwa siku akila kilicho karibu na kilicho rahisi. Hilo ataliandika, na vituo arobaini vitaambiwa viache. Habari ya nani alimtuma nani aliwaachia wenye kituo. "Pole sana, mama," akasema, akaondoka na mizani yake.

Wenye kituo hawakukawia. Mkuu alihitaji mtu wa kubebeshwa, na mtu alikuwepo, tena alikuwa amekiri mwenyewe kwamba aliona akacheka. Mama Mizani akasimamishwa kazi kwa barua ya mistari sita. Chiriku akapewa onyo, kwa kuwa alitumwa tu na alisema ukweli alipoulizwa. Ukweli! Ndilo neno lililoandikwa, na muhuri juu yake.

Kilichomuumiza kuliko barua ni wageni. Walikuja kumpa pole, wawili wawili, siku tatu mfululizo, na kila aliyekuja alikuja na shukrani. "Mama, umeponzwa na huruma yako," akasema mke wa mlinzi. Fundi viatu alimletea Mama Mizani viatu vyake vya kazini alivyomshonea upya bila kuombwa, akakaa, akasema, "Hatutakusahau. Ulijitoa kwa ajili yetu."

"Fundi, nisikilize. Sikuwatuma."

"Najua, najua," akasema fundi, akamkonyeza. "Hata mimi ningesema hivyo hivyo."

Alijaribu kwa mke wa mlinzi, akajaribu kwa muuza chai. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumpenda. Siku ya nne aliacha kukana, akawa anawashukuru kwa kuja na kuwafungulia mlango watoke.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, jioni, Chiriku akaja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ofisini. Alikuwa amevaa koti jeupe la kituo, jipya, bado lina mikunjo ya kutoka kwenye mfuko. Alisimama mlangoni, mikono ameiweka mifukoni kisha akaitoa.

"Hawakupata mtu mwingine, dada," akasema. "Mkuu amesema nikae hapo mpaka watakapoajiri. Sikuomba."

Mama Mizani aliitazama mikunjo ya koti.

"Dada, niliogopa. Niliwaza watoto, nikaogopa. Ulikuwa umebaki na miaka minne tu ustaafu, mimi ndio kwanza..." Hakumaliza. "Kesho wanakuja watu thelathini kupimwa upya. Sijui naanzia wapi. Sijawahi hata kuisoma mizani ile, wewe ndiye uliyekuwa unaisoma. Nikikosea nitawaambia nini?"

Mama Mizani alimwelekeza. Alimwambia asubuhi aanze na nini, amsimamishe mtu wapi, asome akiwa amesimama mbele na si ubavuni, aandike kwa kalamu ya wino na asifute. Alieleza kila hatua kwa sauti ya kazini, bila haraka, kwa sababu kesho watu thelathini wangepanda pale na walistahili namba zao. Chiriku alikuwa akirudia chini chini, akihesabu kwa vidole.

"Na kabla hawajapanda," akasema Mama Mizani, "muulize kila mmoja jana alikula nini, na leo amekunywa nini. Asiyekula, mrudishe nyumbani."

"Wakisema ni wewe uliyewatuma?"

"Utawaambia nini?"

Chiriku alitazama chini. Dada yake akangoja. Alingoja kama alivyowahi kungoja mizani itulie, bila kupumua sana, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Jibu halikuja.

"Haya, nenda," akasema. "Watoto wako peke yao."

Ndipo alipogundua kwamba wakati wote huo walikuwa wamesimama mlangoni, na kwamba tangu amlee, hiyo ilikuwa siku ya kwanza hakumwambia pita ndani.